Pasaka ya Mikono Mikavu

Jumatatu ya Pasaka, mwaka mmoja baada ya zile mvua za El Nino, Perpetua alichinja jogoo asubuhi na mapema. Alikuwa jogoo mzee na nyama yake ilihitaji muda. Alimchemsha kwa tangawizi mpaka mifupa ikalegea, kisha akamuunga kwa karanga alizozitwanga mwenyewe. Kwenye jiko la pili kulikuwa na kambale waliokaushwa kwa moshi, waliolowekwa tangu jana yake. Kwenye la tatu kulikuwa na wali wa mpunga wa shamba lao, mchele ule wa kijijini kwao Chanzuru ambao ukianza kutokota jirani anauliza kama mna mgeni. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa Kuu. Uani kulikuwa tope tupu, na kuku waliosalia walikuwa wamejibana chini ya kitanda cha mama Hildegarda, labda kwa ajili ya mvua, labda kwa sababu ya yule mwenzao.

Shamba lilikuwa la mama Hildegarda, mamake Perpetua. Kwao ardhi hufuata upande wa wanawake. Yeye aliipata kwa mama yake, mama yake aliipata kwa mama yake, na baada yake ingekuwa ya Perpetua, kisha ya Doris, binti Perpetua, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni Kilosa. Marehemu Beda, mume wa mama Hildegarda, alikuja kwa treni kutoka Tabora kukata mkonge, akaoa hapo, akakaa hapo, akazikwa hapo karibu na migomba. Mtoto wao wa kiume, Donati, aliyajua haya tangu alipoanza kutambaa.

Kasiani, mume wa Perpetua, alifanya kazi kwenye treni ya mizigo, na kila Pasaka alishuka Kilosa na dumu la divai kutoka Dodoma. Dumu lilikuwa la mafuta ya kula, alilisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha. Divai aliinunua kwa mzee mmoja mwenye mizabibu nyuma ya nyumba. Kasiani alimjua mzee huyo, mkewe, na mbwa wake. Ilikuwa divai nyekundu nzito, kali kidogo mwanzoni, halafu inatulia kifuani kama mtu aliyefika kwao.

Donati aliingia saa saba, akiwa amepanda gari la mtu kutoka Mikumi. Huko alikuwa mnunuzi wa mboga na matunda kwenye hoteli moja ya watalii. Shati lilikuwa limelowa mpaka mgongoni, suruali inachuruzika. Mkononi alikuwa na chupa mbili za divai ya Afrika Kusini. Siku hizo madukani kulikuwa na kila kitu, hata vitu ambavyo watu hawakujua matumizi yake.

"Shikamoo mjomba," Doris alisema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba siku hizi unang'aa, tukizima taa tutakuona tu."

Kasiani alizipokea chupa, akazigeuza huku na huku. "Shemeji, hii imezibwa kwa kipande cha mti. Huko waliishiwa vifuniko?"

"Ndiyo divai ya kweli hiyo, shemeji. Hiyo yako imetoka kwenye dumu la mafuta."

"Ya kwangu inafunguka."

Kwa kuwa hapakuwa na cha kufungulia, Kasiani alikisukuma kile kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, kikaelea humo. Wakakaa. Mama Hildegarda alikaa kwenye kiti chenye foronya mgongoni, wengine kwenye mkeka na vigoda. Doris akaleta beseni na birika, taulo begani, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawishwa, hata awe padri.

Alimnawisha bibi yake, kisha akamgeukia mjomba wake. Maji yalitoka kwenye birika vizuri. Yalipokaribia vidole vya Donati yakajigawa, mengine yakapita kushoto, mengine kulia, yakaangukia kwenye beseni. Mikono ilibaki mikavu. Ilikuwa na vumbi la Mikumi kwenye mistari ya viganja, ingawa mikono ya shati ilikuwa bado inadondosha maji ya mvua.

"Mjomba, hayashiki," Doris alisema.

"Mimina zaidi."

Alimimina zaidi. Perpetua akasema aitumbukize mikono ndani ya beseni. Donati akaitumbukiza, na maji yakasogea pembeni yakaacha shimo kavu la ukubwa wa mikono miwili, chini inaonekana rangi ya beseni na ua lake. Kasiani alichukua ile chupa ya Afrika Kusini akajaribu kwa divai. Nayo ilipita kando.

"Hata ya kwako haikutaki, shemeji," alisema, akaiweka chupa chini. "Hasara tupu."

"Ni yale ya Evance," Perpetua alisema.

Wote walimkumbuka Evance, aliyekuwa mtunza ghala wa ushirika. Ushirika ulipovunjika aliwapa wafanyabiashara pamba ya watu kana kwamba ni yake, na tangu hapo maji hayakumgusa mikono. Watu waliacha kumsalimia kwa mkono, wakaendelea na shughuli zao. Baadaye alihamia Munisagara, ambako nako walimzoea.

Mama Hildegarda alimtazama mwanawe. "Donati. Umetoa kitu gani cha watu?"

Donati alijifuta mikono kwenye taulo, ingawa hapakuwa na cha kufuta.

"Shamba, mama."

"Shamba lipi?"

"Hili."

Kasiani alikuwa anamimina divai ya dumu kwenye kikombe cha mkewe. Kikombe kilijaa, kikafurika, divai ikatembea juu ya mkeka mpaka kwenye magoti yake, naye akaendelea kumimina. Doris alibaki ameinamisha birika juu ya beseni, na birika lilikuwa limekwisha maji. Perpetua alisimama mlangoni mwa jikoni na upawa mkononi.

Donati alieleza. Kuna mwekezaji aliyefungua kambi ya watalii karibu na mbuga, anataka kulima mboga zake mwenyewe kwa njia za kisasa. Alimuuliza Donati kama anajua ardhi nzuri karibu na mto. Donati akasema anayo.

"Akasema ameambiwa huku ardhi ni ya wanawake," Donati alisema. "Akaniuliza, mama yako je? Nikamwambia amefariki."

Mama Hildegarda aliinama amwone usoni.

"Nilifariki lini?"

"Mwaka juzi."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Presha."

"Mimi sina presha."

"Najua, mama."

"Mkanizika wapi?"

"Karibu na baba."

Aligeuza shingo akatazama migomba kupitia dirishani. "Pale chini pana maji," alisema. "Mlichimba kwa shida."

Ndipo Perpetua aliposema, akiwa bado amesimama pale pale, "Na mimi?"

Donati alimtazama dada yake, aliyekuwa amemchemshia jogoo tangu alfajiri na kumwekea firigisi pembeni, kwa sababu firigisi ilikuwa yake tangu utotoni.

"Wewe sikukutaja," alisema.

"Hukunitaja."

"Sikukutaja tu, dada. Sikusema neno baya juu yako."

Harufu ya kuungua ikatoka jikoni. Perpetua alikuwa akipika wali tangu akiwa msichana mdogo na haukuwahi kumuungulia. Aliusikia unaungua, na hakusogea.

Donati aliendelea kueleza, sasa kwa haraka. Walipeana mikono palepale, mwekezaji na yeye, mbele ya watu, kisha wakaenda kuandikisha ofisi ya ardhi, Kilosa. Aliahidiwa kuwa msimamizi. Alidhani kila mtu angebaki alipo, ila wangekuwa wanafanya kazi na kupokea mshahara, na hakuna ambacho kingebadilika.

"Marehemu angefanya kazi gani?" Kasiani aliuliza. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Pakueni," alisema mama Hildegarda.

"Mama, mikono yake haijanawa," Perpetua alisema. "Asile."

"Atakula. Pakua, wali usizidi kuungua."

Perpetua akapakua. Aliuacha ukoko, akatoa ule wa juu mweupe, akaweka jogoo kwenye bakuli kubwa na kambale kwenye la pili. Firigisi aliitazama, kisha akaiweka nayo. Mama Hildegarda alimwita Donati akae chini karibu na kiti chake. Alifinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa karanga, akalinyanyua. Donati alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu wawili na saa ya dhahabu. Alifungua kinywa. Mama yake akamlisha kama alivyomlisha siku alipomwachisha ziwa, tonge moja yeye, tonge moja mwanawe, na katikati alimtoa kambale miiba kwa kucha.

Chakula kilikuwa kitamu, hilo halikuwa na ubishi. Nyama ya jogoo ilikuwa imelainika mpaka inaachia mfupa yenyewe, na ladha ya moshi ilikuwa imeingia ndani kabisa ya kambale. Walikunywa divai ya dumu mpaka mashavu yakapata moto. Kasiani alisimulia habari za mbwa wa yule mzee wa Dodoma, ambaye amejifunza kula zabibu na sasa analala mchana kutwa. Doris alicheka, halafu akakumbuka, akaacha. Ile ya chupa hawakuigusa tena, kizibo kikiendelea kuelea.

Wakati fulani Donati alianza kulia huku akitafuna. Aliinua mikono ajifute. Machozi yalifika kwenye vidole vyake, yakapita kando, yakashuka mpaka shingoni.

Baada ya sikukuu walikwenda wote kwenye ile ofisi ya ardhi, Kilosa mjini. Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Alisimama mama Hildegarda alipoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba Hildegarda wa Chanzuru ni marehemu, na malalamiko ya marehemu hupokelewa kwa mrithi. Mrithi ni Donati.

"Mama yangu ndiye huyu," Donati alisema.

"Mzee, wewe ndiye uliyesema amefariki, tena mbele ya mashahidi. Tukuamini siku ile au tukuamini leo?"

"Leo."

"Siku ile ulikuja umevaa tai," karani alisema.

Donati alikwenda Mikumi kumwambia mwekezaji kwamba mama yake yu hai. Mwekezaji alifurahi sana kusikia hivyo, akampa chupa nyingine mbili ampelekee. Kazi ya usimamizi alipewa mtu kutoka Arusha.

Mpunga ulivunwa na watu wengine. Uzio ukapita katikati ya uwanja ambako Perpetua alikuwa akianika mihogo, na nyumba ikawa ghala la mbolea. Siku moja mama Hildegarda alijifunga kanga mbili, akatembea mpaka getini, Perpetua nyuma yake. Mlinzi aliitwa Elikana, mtu wa hukohuko aliyewahi kula wali wa nyumba ile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nakwenda kumwona mume wangu."

"Pole, bibi. Makaburini wanaruhusiwa ndugu wa marehemu tu, Jumapili."

"Marehemu gani?"

"Mzee Beda na mkewe." Elikana alitazama chini. "Nakujua, bibi. Lakini nimeambiwa mke yumo humo ndani."

Mama Hildegarda alisogea kwenye uzio. Mwekezaji alikuwa mtu wa kujali. Alipoambiwa kwamba kuna kaburi la mzee na la mkewe alisikitika kuona la mke halina alama, akaagiza yajengwe yote mawili. Yalikuwa kando ya migomba, yamesakafiwa kwa saruji, kila moja na msalaba wake mweupe. Jina la Hildegarda liliandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zimenyooka.

Alilitazama kwa muda.

"Wamelijenga vizuri," alimwambia Perpetua. "La baba yako limepinda kidogo."

Wakarudi.

Pasaka iliyofuata waliifanya kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya stesheni ya Kilosa. Perpetua alinunua mchele sokoni. Ulipoanza kutokota akainua mfuniko, akanusa, akajua umetoka wapi. Akaendelea kukaanga vitunguu. Kasiani alifika na dumu lake. Divai ya mwaka ule ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliopita, na mbwa wa Dodoma alikuwa bado analala.

Donati alikuja kwa miguu kutoka stendi, mvua inanyesha. Doris alileta beseni na birika. Alimnawisha bibi yake, kisha mjomba wake, kwa sababu huwezi kumruka mtu. Maji yakajigawa, yakaanguka. Hakuna aliyetazama. Mama Hildegarda alivuta sahani karibu, akafinyanga tonge, na Donati akafungua kinywa.

Kwenye kabati la vyombo kuna kijiko kimoja kizito cha chuma, kisichoshika kutu, ambacho hakuna anayekitumia. Perpetua alikinunua ili kaka yake ajilishe nacho, kwa siku mama yao atakapokufa tena.