Mama Amebaki Nyumbani

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota nimechelewa kipindi cha kwanza, na nilipoingia Darasa la Pili B nikakuta ubao umeshaanza kufundisha bila mimi.

"Samahani," nikauambia. "Hiki ni kipindi changu."

"Kaa nyuma, Mwalimu Atuganile," ubao ukajibu. "Miaka kumi na moja unaniandika mgongoni. Leo na mimi nina la kusema."

Nikakaa nyuma. Ubao kusema hakukunishtua sana, kwa sababu ubao wetu ni wa zamani na umesikia mengi. Walionishtua ni watoto. Kila asubuhi huwa nawaambia wakunje mikono, wafunge midomo na watege masikio, na leo walikuwa wametii. Mikono imekunjwa mara tatu na kupangwa juu ya madawati kama nguo zilizotoka kupigwa pasi. Midomo imefungwa kwa vikufuli vidogo, funguo zote anazo kiranja. Masikio yametegwa dirishani kwa uzi na punje za mahindi.

"Lugano," nikasema, "sikio lako limenasa shomoro."

Lugano akatikisa kichwa kukubali. Jirani yake hakuwa na kichwa kabisa. Kiwiliwili kilikaa wima dawatini, kimevaa sweta, kimetulia.

"Huyu kichwa chake kiko wapi?" nikauliza.

"Juzi ulimwambia amekiacha nyumbani," ubao ukasema. "Basi amekiacha."

"Mungu wangu! Mimi nilisema kwa namna ya kusema tu!"

"Hapa hakuna namna ya kusema tu," kikasema kifutio, kisha kikakohoa vumbi la chaki.

Mara mlango unafunguliwa na anaingia mtu mrefu, mwembamba, amevaa suti ya rangi ya wino. Kila akipiga hatua anaacha nukta sakafuni.

"Naitwa Maelekezo," anasema. "Nisomwe kwa makini kabla ya kujibu."

Nilimfahamu palepale. Ndiye ninayemwandika juu ya kila mtihani na ndiye ambaye hakuna mtoto anayemsoma. Alikuwa amekonda kwa kutosomwa, nikamwonea huruma kidogo.

"Swali la tatu," akaendelea. "Oanisha Orodha A na Orodha B kwa kuchora mstari."

Swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitunga jioni ileile kwa ajili ya jaribio la Jumatano, wanyama upande mmoja na watoto wao upande wa pili, ng'ombe na ndama, kuku na kifaranga. Kwenye kuoanisha mimi ni mtaalamu, niseme ukweli. Mratibu elimu kata aliwahi kuwaambia walimu wenzangu waige maswali yangu, kwa sababu kwenye Orodha B sikosi kuongeza jibu moja la ziada, lisilo na mwenzake, ili wanaobahatisha wanase. Jibu la ziada nilikuwa nalitunga kwa raha kuliko swali lenyewe.

Lakini leo hapakuwa na ng'ombe wala kuku. Orodha A ilikuwa watoto watano waliosimama mbele, namba zimeandikwa vifuani. Orodha B ilikuwa wanawake waliopangwa ukutani, kila mmoja ameshika kadi yake, kuanzia (a) mpaka (f). Mtoto wa tano alikuwa Sekela.

Sekela ni mwanangu wa kumzaa, ana miaka saba. Baba yake yuko kazini Tunduma na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tunaishi wawili tu. Januari alipopangiwa darasa langu nilimsimamisha kwenye geti la shule nikamwambia, "Ukivuka hapa, mimi ni Mwalimu. Mama amebaki nyumbani." Sikutaka wazazi waseme nampendelea. Akaitikia, "Sawa, Mwalimu," na tangu siku hiyo hajakosea hata mara moja. Nilikuwa najivunia jambo hilo mpaka kwenye vikao.

Nikatazama ukutani nijue nafasi yangu iko wapi. (a), (b), (c) na (d) walikuwa mama zao wale watoto wanne. (e) alikuwa Mama Bupe, jirani yangu, fundi cherehani. Bupe wake yuko sekondari, hana mtoto darasani kwangu, ila huwa anampa Sekela chakula nikichelewa kurudi. Kadi ya (f) nikaikuta mkononi mwangu. Ilikuwa imeandikwa neno moja kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mwalimu.

Jibu la ziada lilikuwa mimi.

"Kuna kosa," nikamwambia Maelekezo. "Huyo namba tano ni wangu."

"Wako kwa lipi?"

Nikafungua mdomo niseme mimi ni mama yake. Nikasikia, "Mimi ni mwalimu wake." Nikajaribu tena, polepole, silabi kwa silabi kama ninavyowafundisha wao. "Mimi. Ni. Mwa-li-mu wake." Mara ya tatu nilishika midomo kwa vidole ili itamke mama, na bado ikatoka hivyohivyo.

Rula ikajipiga mezani, paa! "Msimamizi asimpe mtahiniwa jibu!"

"Na mama yake yuko wapi?" Maelekezo akaniuliza kwa upole.

"Amebaki nyumbani," nikasema. Hilo lilitoka bila shida yoyote.

"Basi kamlete. Kengele ikilia kabla hajafika, mtoto ataoanishwa na aliyepo. Na mstari wa mtihani ukishachorwa ndiyo basi."

Nikakigeukia kifutio.

"Mimi simo," kikasema.

"Usihofu, Mwalimu," Mama Bupe akaniambia kutoka ukutani. "Kwangu nafasi ipo. Nitaongeza sahani tu, mtoto mwenyewe halali njaa wala hasumbui." Alisema kwa wema kabisa, na wema wake ndio ulionitia hofu kuliko rula.

Nikatoka mbio. Mlango wa darasa ukafungukia jikoni kwangu, bila njia katikati.

Kwenye kigoda kuna mwanamke amekaa, anamenya ndizi. Amevaa kitenge changu ninachokitafuta tangu mwanzo wa mwaka. Ananyanyua uso. Ni mimi. Ni mimi kabisa, ila hana vumbi la chaki kwenye nywele.

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia, maana tulizaliwa siku moja.

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Uko hapa tangu lini?"

"Tangu Januari. Ulisema Mama abaki nyumbani, nikabaki."

"Lakini mimi hurudi hapa kila jioni!"

"Anayerudi ni Mwalimu," akasema, na kisu hakikusimama. "Anatua daftari themanini mezani, anasahihisha, anamwambia mtoto akae kimya asome, halafu analala. Wiki iliyopita Sekela alikuonyesha jino lililong'oka. Ulimwambia nini?"

Nilikumbuka. Nilitamani nisingekumbuka. "Nilimwambia aandike sentensi tatu kuhusu jino."

"Akaandika?"

"Akaandika. Nikamkata alama moja kwa kusahau nukta."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapahapa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hakunisuta, na afadhali angenisuta. Nikamshika mkono, nikamwambia twende, mtoto anachukuliwa, na yeye akaacha ndizi zake akanifuata bila hata kutafuta viatu.

Tunafika kwenye geti la shule. Geti linajifunga.

"Huyu hapiti," linasema.

"Kwa amri ya nani?"

"Yako."

"Basi naifuta."

"Andika barua kwa mwalimu mkuu, ipitie kwa mwalimu wa taaluma. Utajibiwa ndani ya siku kumi na nne."

"Nina dakika mbili!"

"Ndiyo maana nakushauri uanze kuandika sasa."

Uwanjani kengele yetu, ile rimu ya gari, ilikuwa imeshashuka kwenye mti wake na inazunguka kutafuta nondo ya kujigongea. Mama akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mruhusu tu atoke. Akifika hapa getini nitampokea mimi."

Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja tu lilihitajika, nalo hata Mwalimu anaweza kulisema. Nikakimbia, nikapita ofisini, ambayo leo ilikuwa imejaa maji hadi magotini na wenzangu wanaandika maandalio ya somo humo humo, nikaibukia darasani. Sekela ameshika penseli. Hajachora. Ananiona, na kabla sijasema kitu ananyoosha mkono juu, sawasawa, kama nilivyomfundisha.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nenda, nikajiambia. Sema nenda.

"Kaa chini," nikasikia sauti yangu ikisema. "Maliza kazi kwanza."

Sikuamini. Nikatazama nyuma yangu nione ni nani aliyesema, nikamkuta kiranja peke yake anapanga funguo zake. Nilitaka kuyaokota yale maneno sakafuni niyarudishe kinywani, na kwa kweli yalikuwepo sakafuni, meupe, ya chaki, lakini kila nililogusa liligeuka vumbi.

Sekela akakaa. Hajawahi kunibishia darasani.

Kengele ikalia. Sekela akaiomba rula ruhusa, akaiweka vizuri, akachora mstari kutoka namba tano mpaka (e). Ulinyooka ajabu. Penseli haikuteleza hata kidogo. Mama Bupe akashuka ukutani, akamfuta mtoto pua kwa ncha ya khanga, akamshika mkono.

"Sahihisha," Maelekezo akaniambia.

"Sisahihishi!"

Kalamu nyekundu ikapanda mkononi mwangu yenyewe. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikaikalia. Ikanivuta mpaka kwenye daftari la mwanangu ikaweka alama ya vema, kubwa, yenye mkia. Mikono ya watoto wote ikajikunjua juu ya madawati. "Pasha, pasha, pasha," ubao ukaimba, kama tunavyompongeza aliyepata, "mpe!" na makofi yakapigwa, mazito, watoto themanini kwa pamoja, na Sekela akaondoka kati ya makofi hayo bila kugeuka nyuma. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kumwita.

"Vizuri sana," nikasikia nikisema. "Swali linalofuata."

Nikaamka. Makofi yalikuwa mvua juu ya bati. Nilikuwa nimelala mezani, shavu juu ya daftari, na saa ilikuwa inakaribia kumi na mbili na nusu. Nikaenda jikoni nikigonga viti.

Sekela alikuwa amekaa mkekani, amevaa sare, nywele zimechanwa, anakunywa uji. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Nilimtazama kwanza kwa shukrani tu kwamba yupo. Kisha nikaliona jiko la mkaa limewashwa, na Sekela simruhusu kugusa kiberiti.

"Shikamoo, Mwalimu," akaniambia.

Tulikuwa nyumbani. "Marahaba," nikajibu kwa shida. "Nani amekupikia uji?"

"Mama."

"Mama Bupe amekuja?"

Akatikisa kichwa kukataa. Mlango wa nje ulikuwa bado na komeo, nililolifunga mwenyewe jana.

"Sasa mama yupi, Sekela?"

"Mama," akarudia, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake neno rahisi. "Amesema nisikuamshe, Mwalimu amechoka."

Kando ya jiko palikuwa na kigoda. Nikainama nikakigusa. Kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nikakikalia upesi, kabla hakijapoa.