Shume wa Uani

Yule paka shume, baba mkwe wa fundi cherehani ndiye aliyempa jina la Jambazi. Alikuwa na kichwa kikubwa kama ngumi ya bondia, na kila paka jike alipolia juu ya mabati, yeye na shume mweusi wa jirani walishikana mashati mpaka mtaa mzima ukaamka. Fundi mwenyewe, mke wa mwana wa mzee, alivumilia. Ila siku Jambazi alipopenya dirishani akakojolea gauni la bibi harusi, uvumilivu ulimwishia. Akamwita daktari wa wanyama.

Daktari akatega mtego wa waya wenye vipande vya samaki. Asubuhi Jambazi alikuwa ndani, macho yamemtoka.

"Kiumbe wa watu amekukosea nini?" baba mkwe aliuliza. Tangu mkewe afariki, ndiye aliyekuwa akiwalisha paka wa uani.

"Anahasiwa tu, baba. Atarudi."

"Ungekuwa wewe, ungerudi?"

Fundi akamkabidhi daktari mtego.

Kesho yake Jambazi aliletwa, ncha ya sikio imekatwa iwe alama kwamba amehasiwa. Mtego ulipofunguliwa alichomoka kama mshale, akaruka ukuta, akatokomea. Mzee akaingia chumbani. Tangu hapo salamu za mkwe akawa anaziitikia kwa kuguna. Kila jioni aliweka sahani uani, na kila asubuhi aliitoa imejaa sisimizi.

Fundi alikaa kwenye cherehani lakini mishono ilikwenda upande. Akampigia daktari simu.

"Mpe muda," daktari alimwambia. "Hapo ndipo kwake. Woga ukimtoka atakuja, na ugomvi utapungua taratibu. Ila usitegemee aje akulalie mapajani."

Wiki zikapita. Jioni moja fundi alimsikia mzee akimwita kutoka uani, "Mama! Njoo, lakini polepole!"

Alitoka akinyata. Jambazi alikuwa kwenye sahani, anakula kama aliyeondoka jana. Mara yule mweusi akatua kutoka ukutani. Mzee akamshika mkwe mkono. Jambazi aliinua kichwa, akamtazama hasimu wake kwa kitambo, kisha akarudia chakula chake. Mweusi akajisogeza upande wa pili, naye akala. Hakuna aliyemrukia mwenzake.

"Haya makubwa!" mzee alinong'ona. Akanyoosha kidole amguse Jambazi mgongoni. Jambazi akageuka, akamtolea meno na kumfokea, mzee akarudisha mkono haraka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe roho yake hamkuikata!"

"Hiyo tumemwachia, baba."

Wakakaa kizingitini, bega kwa bega. Jambazi alijilamba, akajinyoosha penye sakafu yenye joto. Mweusi naye akalala, si mbali sana.

"Nilikununia bure, mama," mzee alisema.

"Yameisha, baba."

Mzee akamwelekezea mweusi kidole.

"Na huyu je? Daktari wako anakuja lini tena?"