Walitaka Kuizika Pampu Ikiwa Nzima

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini na kukuta pampu ya boila imelazwa wodini.

Mimi ni fundi wa boila katika hospitali moja ya huku nyanda za juu, ambako Julai maji huganda kwenye ndoo. Boila letu linachoma dizeli, na pampu ndiyo inayoisukuma dizeli hiyo kwenda kwenye moto. Wiki nzima moto umekuwa ukizimika tena, ingawa mwaka huu pampu imeshabadilishwa mara mbili. Hilo si ndoto. Wala si ndoto kwamba wodi ya wazazi inaogesha vichanga kwa maji ya kuchemsha kwenye sufuria, kichanga mmoja baada ya mwingine, wengine wakisubiri wanatetemeka.

Basi, pampu iko kitanda namba nne, imefunikwa blanketi. Sista Ngailo, muuguzi wa wodi ya wazazi, anaipima presha.

"Kawaida ni saba," anasema. "Huyu ana nne. Anakula chumvi?"

"Anakunywa dizeli tu."

Msimamizi wangu, Bwana Mwalongo, ameshavaa suti nyeusi. "Presha ikishuka, pampu imekufa. Tunazika saa nane."

"Hujaichunguza!"

"Fundi Ezelina, nimebadilisha mbili mwaka huu. Nina uzoefu na misiba."

Pampu ikafungua jicho moja. "Mimi siumwi. Na wenzangu wale wawili mliwazika wazima."

Bwana Mwalongo akasema marehemu haruhusiwi kuchangia hoja.

Hasira zikanipanda hadi masikio yakawaka. Ukutani palikuwa na karatasi ya maelekezo ya mafundi: ANZA KWENYE TANGI NDIPO UFIKE KWENYE PAMPU. Nilipomaliza kuisoma nilikuwa ndani ya tangi, dizeli imenifika magotini. Nikaingia kwenye bomba, natembea nimeinama. Chujio lilikuwa safi. Likanisalimia, nikapita.

Mbele kidogo, mtu mnene ameketi juu ya kigoda, amenyoosha miguu. Dizeli inapita pembeni yake kwa kubanana.

"Wewe nani?"

"Hewa."

"Unafanya nini kwenye bomba la dizeli?"

"Nakaa. Huu mwezi wa tano tangu nihamie."

"Umeingilia wapi?"

Akanionyesha nati kwenye kiungo cha bomba. Ilikuwa imelegea hata mwanga wa nje unaonekana. "Bwana Mwalongo aliikaza kwa vidole," akasema. "Nikajua nimekaribishwa."

"Pampu mbili zimetupwa kwa sababu yako!"

"Dada, mimi sijatupa pampu ya mtu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Nikatoa spana, nikaikaza nati mpaka ikalia.

"Haya, toka."

"Natolewa kwa utaratibu. Kupitia skrubu ya kutolea hewa."

Nikamfungulia skrubu. Akatoka na povu, na begi, na kigoda chake. Akarudi kuchukua kofia. Akatoka tena. Nikangoja mpaka dizeli ikatiririka bila povu hata chembe, ndipo nikafunga.

Niko wodini. Sista Ngailo anasoma presha kwa sauti: nne, tano na nusu, saba.

"Mgonjwa amepona. Aende kazini, watoto wangu wanangoja maji."

"Haiwezekani," anasema Bwana Mwalongo. "Kaburi limeshachimbwa na pilau iko jikoni. Lazima azikwe mtu." Ananitazama mimi.

"Basi azikwe aliyekaza nati kwa vidole!"

Waombolezaji waliokwishajaa wodini wote wakageuka kutazama vidole vyake. Akaviingiza mfukoni.

Nikaamka saa kumi na mbili asubuhi, nahema kama niliyetoka kupigana. Mume wangu akaniuliza ninagombana na nani. Kabla sijajibu, simu ikaita mara moja ikanyamaza. Ulikuwa ujumbe wa Bwana Mwalongo:

"Fundi, ile nati nimeikaza mwenyewe, kwa spana. Presha saba. Usiwaambie watu."

Sijawahi kumtajia nati yoyote. Kabla ya kulala hata mimi sikujua kama ipo.

Nikausoma ujumbe ule tena, polepole, nikitafuta neno moja tu kuhusu zile pampu mbili. Halikuwamo.