Sinia la Vikombe Vidogo

Tangu alfajiri fundi saa alikuwa roho juu. Leo ilikuwa zamu yake kubeba sinia la divai kanisani, na mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka kabla hajamaliza kuvaa shati.

"Baba, si uwaachie wengine leo?" mkewe alimwuliza, huku akimfungia vifungo.

"Niwaachie kwani nabeba zege?"

Mkewe akamalizia kifungo cha mwisho. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wote wawili walilijua hilo. Kwa miezi sasa fundi alikuwa akirudisha saa za watu bila kuzifungua, akisingizia kukosa vipuri, kumbe bisibisi ndiyo haikai tena kwenye skrubu. Lakini saa ni saa tu. Sinia lilikuwa jambo jingine. Ndani kabisa aliogopa kitu ambacho hakuthubutu kumwambia mtu: asipobeba sinia, Mungu atamtambua kwa lipi?

Tena mzee huyu alikuwa mkali. Wazee wenzake wa kanisa walipompendekeza mshona viatu awasaidie kugawa divai, ni yeye aliyesema mbele ya watu, "Mikono ile haishiki sinia." Rangi ya viatu ilikuwa imeingia kwenye kucha za yule bwana, haitoki kwa sabuni wala kwa jiwe. Mshona viatu alicheka kidogo, akarudi benchi la nyuma, na huko ndiko amekaa tangu siku hiyo.

Ibada ilipofika wakati wa divai, fundi alilishika sinia kwa mikono miwili, akajikaza kisabuni. Mabenchi ya mbele yalipita salama. Katikati ya kanisa vikombe vya kioo vikaanza kugongana, ti, ti, ti, na mama mmoja akainua macho. Kijasho chembamba kikamtoka fundi. Alitamani kukimbia, lakini nani anakimbia na divai ya Bwana mikononi?

Alipofika benchi la nyuma, sinia likalala upande. Mikono myeusi ikalidaka kwa chini.

Fundi akasubiri. Neno moja tu lingetosha kumuadhiri, na kwa haki kabisa.

"Nimelishika, mzee," mshona viatu alinong'ona. "Legeza."

Hakulegeza mara moja. Vidole vilikataa, au ni moyo uliokataa. Mwisho akaachia. Mshona viatu akawapitishia waliokaa naye, akanywa chake, na kwenye sinia kikabaki kikombe kimoja, cha fundi mwenyewe.

Fundi akanyoosha mkono, ukaruka kama kuku aliyeshikwa. Akautia mfukoni.

"Mimi niache," alisema. "Sistahili leo. Wewe unajua nilivyokutenda."

"Najua. Na mimi sikustahili, mbona nimekunywa?"

Akaliweka sinia benchini, akakiinua kikombe kwa vidole viwili na kukileta mdomoni kwa fundi. Watu walikuwa wamegeuka wanatazama. Fundi aliwahisi wote mgongoni, akaona aibu, na bado akafungua kinywa kama mtoto anayenyweshwa dawa. Divai ikaja na harufu ya rangi ya viatu.

Tone moja likamtoka mdomoni. Mshona viatu akamfuta kidevu kwa kidole gumba, cheusi tii, na fundi hakugeuza uso.