Daftari la Yashna

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile nilikiona cha mtema kuni. Mama Kirit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, alinipigia simu asubuhi: "Mwalimu, kuja nyumbani haraka. Kuna kitu ya Kifaransa unisomee."

Mimi hufundisha Kifaransa shule moja huko Kaaga. Nilienda mbio, roho mkononi, maana nilijua ni nini.

Yashna, mke wa Kirit, aliolewa kutoka Mauritius miaka mitatu iliyopita. Katika nyumba yao ya Kihindu, mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii jikoni. Hukaa chumbani siku nne, analetewa chakula. Yashna akazitumia kuandika riwaya kwa Kifaransa, lugha aliyosomea kwao. Nne zikawa sita. Mwezi huu, kumi! Na daftari nilimnunulia mimi, tukacheka pamoja.

Sasa lilikuwa mapajani mwa mama mkwe. Yashna alisimama mlangoni.

"Soma. Kama anatusema vibaya, natia kwa moto."

Nikafungua, nikapitisha macho. Mwanamke anawapakulia wanaume, anangoja washibe, anakula mabaki yaliyopoa. Siku moja anafunga jiko na kutupa ufunguo mtaroni. Jamani! Kazi ya mwaka mzima, nayo ilikuwa nzuri mpaka nikaona wivu.

"Ni mapishi, mama," nikasema. "Dengu, chapati. Vile ulimfundisha."

"Vile nilimfundisha?" Akatabasamu, akanipokonya daftari, akamnyooshea Yashna. Nikashusha pumzi.

Yashna hakulipokea.

"Mwalimu anadanganya," akasema. "Ni hadithi ya mwanamke amekataa kupika. Na mimi siko kwa siku zangu, mama. Tangu Jumatatu siko."

"Basi ingia jikoni."

"Siingii."

Nilitamani kumziba mdomo. Mpumbavu huyu, nimeshamwokoa! Mama Kirit akanirushia daftari.

"Soma tena. Saa hii usome vile ameandika."

Nikasoma, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Yashna akavuta kiti, akaketi mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipofika kwenye mabaki yaliyopoa, mama mzee alifumba macho. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia.

Saa saba Kirit akaingia kutoka dukani, akauliza chakula kiko wapi.

Mama yake hakugeuka. "Nyamaza," akamwambia. "Hatujamaliza."