Makadirio ya Waliosafiri

Jumanne asubuhi Adolphine alizunguka mtaa wa Alunguli mlango kwa mlango, fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mvua ya Kindu haibishi hodi. Alikuwa karani wa takwimu kwenye uwanja wa ndege, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhesabu wanaopanda na wanaoshuka. Mwezi ule alipewa kubwa zaidi. Wahandisi kutoka Kinshasa walitaka kujua uwanja utahitaji ukumbi wa ukubwa gani ifikapo mwaka 2050, na ukumbi haujengwi kwa kubahatisha, unajengwa kwa makadirio ya abiria. Fomu iliuliza nani wa nyumba hii amesafiri, lini, kwa sababu gani, na anatazamiwa kurudi lini.

Wahandisi, kwa elimu yao yote, hawakujua Alunguli inavyosema. Pale, mtu aliyechukuliwa wakati wa vita na mwili wake usionekane, hasemwi kuwa amekufa. Bila mwili hakuna matanga, na bila matanga hakuna marehemu. Husemwa amesafiri. Mama Nicole alijibu kwamba wamesafiri mume wake na watoto wawili. Mzee Soudi alitaja ndugu wanne, akaomba fomu ya pili. Kuhusu kurudi, wote walijibu neno moja: "Tuko tunangoja."

Adolphine alielewa vizuri sana. Angeweza kuwarekebisha, lakini akiwarekebisha wao ingebidi ajirekebishe na yeye, na hilo hakuliweza. Fomu ya mwisho aliijaza kwake mwenyewe: Edouard, mume, miaka ishirini na saba, Oktoba 1998. Askari walimtoa nyumbani akapakie masanduku kwenye ndege. Sanduku la mwisho lilipoingia, naye akaingizwa, mlango ukafungwa. Penye sababu ya safari aliandika: alichukuliwa kwa nguvu. Kisha akapakua sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, akala peke yake kama miaka yote ile, na upweke ukamuuma kana kwamba umeanza jana.

Kompyuta ya Kinshasa ilipokea majibu bila ubishi. Ikatoa hesabu kwamba Kindu ina abiria elfu kumi na moja walioondoka na bado hawajarudi, na kwamba wataanza kurudi mwezi wa Juni, kumi na wanne kwa siku. Mhandisi Jérémie, mkuu wa ujumbe, alisugua viganja kwa furaha. Kwa mahitaji kama hayo, hakuna mwekezaji wa kukataa ukumbi.

Juni mosi, ndege ya Goma ilipokwisha kuruka, watu kumi na wanne walitokea kwenye majani ya mwisho wa njia ya ndege, kwa miguu, wamejipanga mstari. Vumbi lilikuwa limewafika magotini. Adolphine aliwahesabu, akaandika kumi na wanne. Kesho yake pia kumi na wanne. Makadirio ya ofisi ile hayakuwahi kutimia tangu izinduliwe, kwa hiyo Jérémie aliwapongeza wafanyakazi wote kwa barua.

Tatizo lilikuwa kuwatoa nje ya uwanja. Michel, msimamizi wa mlango wa wanaofika, alifungua madaftari ya miaka ya vita, na yote yalionyesha mizigo, kilo kadhaa, basi.

"Muntu hakuondoka hapa," alisema kwa upole, "sasa atarudia hapa namna gani?"

Kuwaandika marehemu kulihitaji cheti, na cheti kilikuwa na nafasi ya kujaza aliyewaua. Hakuna mukubwa aliyetaka kuijaza. Wakaketishwa kwenye mabenchi nyuma ya kamba, wakaitwa abiria wa transiti, wanaopita tu.

Edouard alifika siku ya tisa, na shati lile lile la bluu alilotolewa nalo nyumbani. Hakuwa ameongeza hata siku moja. Adolphine alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ili kuvuka kamba, mke alitakiwa kuonyesha cheti cha ndoa, na chake kiliungua pamoja na nyumba. Mama mzazi hakutakiwa kuonyesha kitu. Michel alizitazama mvi za Adolphine, akaandika "mama yake" bila kuuliza, na Adolphine akatia sahihi.

"Mama," Edouard alimwita, kama alivyomwita tangu harusi, "umekawia."

"Weye njo umekawia. Kula kwanza, itapoa."

Aliketi karibu naye, lakini si karibu sana, kwa sababu walinzi walikuwa wanatazama. Alitamani kumlalia begani. Badala yake alimfuta vumbi masikioni, kama mtoto, na alikuwa na furaha. Alirudi kila siku na sufuria yake.

Mwezi wa Agosti ripoti ilitoka, imejalidiwa vizuri. Ukumbi ulikuwa umekubaliwa. Ukurasa wa arobaini na moja ulipanga abiria kwa sababu za safari, na wote elfu kumi na moja walikuwa chini ya neno moja. Adolphine alimpelekea Jérémie ukurasa huo.

"Mama Adolphine, ile yenye uliandika haiko mu programu," alisema Jérémie. "Iko kazi, iko biashara, iko matembezi. Tulichagua yenye iko karibu."

Saa kumi alimwonyesha Edouard. Naye alisoma taratibu, kidole chini ya maandishi.

"Kazi," alisoma. Akafikiri. "Na waliandika kazi yenyewe itaisha lini?"

Adolphine alifunua kurasa mpaka mwisho wa jedwali. Alipiga hesabu ya miaka yake mwenyewe. Ya Edouard haikuhitaji hesabu.

"Elfu mbili makumi tano."

"Ee. Basi utaleta sombe."

"Nitaleta."

Michel akatangaza kwamba muda wa akina mama umekwisha. Adolphine akainuka.