Pale Isipofika Brashi

Harufu ya mafuta ya papa haitoki. Nakwambieni mie niliyeosha mikono kwa ndimu, kwa jivu, kwa sabuni ya unga, hata udi nkaifukizia. Haitoki.

Aliyeyaleta mafuta hayo nyumbani kwetu Bawshar, huku Uarabuni, ni mume wangu Marhoon, madebe mawili kutoka kwa wavuvi wa Qurayyat, mwaka elfu mbili na moja alipostaafu wizarani. Wenziwe wakistaafu wanakwenda umra. Yeye kaamua kuifufua Lendi Rova yake ya zamani, ile aliyokuja kunipokea nayo uwanja wa ndege nlipotoka Unguja, mie bibi harusi na sanduku langu moja. Miaka kumi na tano ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, paka wa mtaa wanazalia ndani. Ndugu yangu Thabit, aliyekuwa fundi wa magari jeshini, akaja na winchi, wakaing'oa bodi, wakaipandisha fremu juu ya magogo. Fremu ndiyo mgongo wa gari, na mgongo ule ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukiugonga unamwaga unga.

"Baba Afra," nkamwambia, "hiki si chuma, hii biskuti."

"Weye subiri. Ntaikwangua, ntaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu yake nyeusi, kisha ndani ntaimiminia mafuta ya papa. Mashua inakaa baharini miaka khamsini kwa mafuta haya, itakuwa gari?"

"Mashua haikai mlangoni pa jiko langu!"

Tuligombana hivyo mwezi mzima, na Mungu anisamehe, nlikuwa nafurahi.

Lakini sukari ilikuwa imeshaanza kumla macho. Daktari alimwambia aache kuendesha. Binti yetu Afra, mwalimu, anakaa Al Amerat, akaja Ijumaa moja kumnyang'anya funguo. Marhoon akacheka kicheko kikavu.

"Tuwekeane sharti," akamwambia. "Nkimaliza kuipaka hii fremu, mjomba wako Thabit aingie chini yake na tochi. Akiona pahala pamoja nlipoparuka, hata padogo kama ukucha, funguo nakupa kwa mkono wangu, na usukani sishiki tena mpaka naingia kaburini. Asipoona, basi msinifanye kipofu."

Afra akakubali. Sote tukakubali.

Siku ya kwanza ya rangi nkampelekea chai. Kalala ubavu juu ya mkeka, brashi mkononi, anaimba. Brashi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, hewani. Kidole kimoja tu kutoka kwenye chuma. Rangi inadondoka mkekani na yeye anaimba. Nyuma ya tangi la petroli, urefu wa mkono wangu mzima, kutu tupu.

"Vipi, Kheiria? Tazama kazi hiyo!"

Mie ni mwanamke wa mdomo, halifichiki hilo. Mtu yule nimemkosoa miaka ishirini na nane, viatu vyake, kikoi chake, mpaka namna anavyokata tikiti. Siku ile nlimtazama, rangi nyekundu puani, kafurahi vile vile alivyofurahi siku ile ya uwanja wa ndege.

"Nzuri," nkasema.

Adhuhuri alipokwenda msikitini, nkafunga kanga kiunoni, nkaingia chini ya fremu. Nkapakwangua kwa brashi ya waya, nkapaka. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Wiki tatu nzima, yeye anasali adhuhuri msikitini, mie nimelala chali chini ya chuma, rangi kwanza, kisha mafuta ya papa. Rangi nyeusi iliponiganda kwenye kucha, nkajipaka piko, hina nyeusi, kuificha, na Afra akaniuliza, "Mama, harusi ya nani?" Nkamwambia yangu. Mchana mmoja Marhoon akaninusa bega.

"Leo unanuka gari. Ushaanza kuipenda, ee?"

"Ndoto zako!" nkamjibu, nkaenda kulia chooni.

Nlikuwa nawaza nini? Nlikuwa nasema moyoni, injini ile imekufa, gari haitatoka hapo uani, na yeye atabaki na heshima yake mbele ya bintiye. Nampa ushindi wa bure. Nlidhani wa bure.

Thabit akaja na tochi yake ya jeshi, Afra naye yupo. Akaingia chini, akakaa huko, mie nimesimama mlangoni na sijui nnaomba nini, aone au asione. Akatoka na vumbi mgongoni.

"Hapana pahala palipokosewa," akasema. "Shemeji, wallahi hata jeshini hatukupaka hivi."

Marhoon akageuka kumtazama Afra, ama kuutazama upande alikoisikia sauti ya Afra, na machozi yakamtoka. "Mmeona? Macho yangu mazima."

Injini nyingine akaitafuta Thabit, na ikapatikana. Mwezi wa kumi na moja gari ikanguruma uani kwangu. Alhamisi asubuhi Marhoon akasema anakwenda Qurayyat kuninunulia nguru, niweke wali.

"Nichukue na mie."

"Weye kapike. Kesho ndiyo siku yako, ntakupeleka mpaka pwani."

Pale ningeweza kusema. Kasimama mbele yangu, funguo mkononi, na mie nimesimama. Nkamwambia tu aende polepole.

Barabara ya zamani ya Qurayyat ina kona inayoshuka wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Yeye hakuikata. Alikwenda moja kwa moja. Polisi walisema hapana alama hata moja ya breki njiani. Waliponijia mlangoni wali ulikuwa jikoni unaungua, nkaisikia harufu yake na siwezi kwenda kuuepua.

Gari ya kuvuta iliirudisha Lendi Rova nyuma ya nyumba. Bodi imejikunja yote. Fremu nzima, imenyooka. Eda yangu ilipokwisha, Thabit akaja, akaingia chini yake na tochi ile ile. Alipotoka alikuwa analia, mtu mzima na mvi zake.

"Dada, mie ndiye niliyemuua. Mie ndiye niliyesema hapana palipokosewa." Akajifuta uso kwa kofia. "Lakini nimetazama tena, kila pahala. Mpaka nyuma ya tangi, pale pagumu, brashi imefika. Asiyeona atafikaje pale? Marhoon alikuwa anaona. Nambie alikuwa anaona."

Afra alikuwa anatumiminia kahawa. "Alikuwa anaona, mjomba," akasema. "Ni ajali tu. Kadari ya Mungu." Na uso wake, mara ya kwanza tangu siku ile, ukatulia.

Nlikuwa naweza kunyamaza. Binti yangu katulia, ndugu yangu angetulia. Lakini nlishanyamaza mara moja mie. Nkaitazama mikono yangu mapajani. Piko ilikuwa imeshatoka zamani.

"Pale nlifika mie," nkasema.

Afra akaliweka birika chini.